Khanga Juu ya Kompyuta

Tovuti ilikuwa ikiisafisha sauti ya marehemu mumewe, iliyotolewa kwenye kanda iliyoota ukungu. Kwenye skrini ya kompyuta, mstari wa kijani ulisogea taratibu mno. Kila uliposimama, Bi Mwanakheri alibonyeza kitufe, na kazi ikaanza upya.

"Bibi, usiiguse," alisema Raziki, mwenye duka la intaneti. "Inaendelea huko ndani, hata usipoitazama."

Hapo akaelewa. Maisha yake yote amepika vitumbua. Unga unaoumuka haufunuliwi ovyo. Akavua khanga ya mabegani, akaifunika kompyuta, akatulia. Mchana ukalegea. Harufu ya hamira ikaja, isijulikane inatoka wapi.

Chini ya khanga mtu akakohoa kidogo, kama alivyokohoa mumewe kila alipotaka kumwita. Bibi akashika pindo, asifunue.