Uso wa Mninga

Mwalimu wa uchongaji alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake namna ya kushika patasi, mume wa marehemu dada yake alipoingia karakanani na shoka.

"Kiko wapi hicho kinyago chako?"

Kilikuwa mezani: uso wa dada yake uliochongwa kwa mti wa mninga, jicho moja limevimba na mdomo umepasuka, vilevile alivyomkuta siku ya kumwosha.

Shoka likakishukia kinyago. Kipande cha shavu kikaruka na kumchana mwalimu kwenye paji la uso. Damu ikamwingia jichoni, wala hakuifuta.

"Ulipomuua hapakuwa na mtu, shemeji," akasema. "Leo tupo."

Shemeji akaliinua shoka tena, safari hii akimlenga mwalimu. Nyuma yake mwanafunzi mmoja akafunga mlango kwa komeo. Wenzake wakaokota nyundo.