Mbao za Siku ya Saba

Hapana, jirani, sikumfokea mjukuu wangu. Yeye alikuwa jikoni anakoroga mchuzi, kidude kimoja sikioni. Nikamtania, "Chuo gani hicho cha kusomea kwenye sufuria?"

"Podikasti, Babu. Mwalimu anarekodi somo, sisi tunasikiliza popote. Hebu sikia." Akanichomekea kidude cha pili, kidogo kama punje ya haragwe, kina joto.

Sauti ile niliijua kabla sijashika maneno. Yule injinia wetu wa zamani kule kwenye ujenzi! Anawasimulia wanafunzi jinsi zege la ghorofa lilivyoanguka likavunja watu miguu. Eti fundi mmoja asiyesoma alitoa mbao zinazoshikilia zege siku ya saba tu, halijakomaa, bila ruhusa.

Fundi mwenyewe ni mimi, jirani! Na aliyesema "toa, mwenye jengo ana haraka" ni yeye. Nilimbishia mpaka mate yakanikauka.

"Babu, hilo la kosa la fundi ndilo jibu analolitaka kwenye mtihani," mjukuu akasema polepole.

"Muongo mkubwa! Hapo hamna mahali pa kumjibu?"

"Ipo sehemu ya kutuma sauti, darasa zima litasikia. Lakini mtihani anasahihisha yeye."

Nikachomoa kidude sikioni. Hasira zangu zisije zikamponza mtoto. Kumbe simu ameshaninyooshea, inarekodi, na mwiko unadondosha mchuzi sakafuni.

"Sema, Babu. Ulikuwepo."

Nikasema yote. Nilipotaka kumzuia, alikuwa ameshatuma.

Bibi yake akamnyang'anya mwiko. "Mchuzi unaungua, nyie! Kaeni mle!"

Tukakaa wote, tukala.