Kwao Fundi Lifti

"Kwetu mabomba hayavuji hivi," alisema fundi lifti, huku akilizungushia la jikoni mpira wa baiskeli.

Mkewe akaikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Asubuhi ilikuwa zamu ya mkate: wa kwao mlaini zaidi. Mchana ikawa upepo: wa kwao hauna vumbi. Hata wauza duka wa kwao husalimu kwanza, ndipo wauze. Tangu waoane, jiji la kwao lilikaa nao mezani kama mgeni asiyejua kuaga.

Na kumpeleka huko, hampeleki. Yeye huenda kila kampuni inapomwita akatengeneze lifti za huko, na hurudi na mfuko wa sifa. Mke akisema, "Nipeleke na mimi," jibu halikosi. Mara nyumba inapakwa rangi. Mara barabara imefumuliwa. Mara, "Baridi ya msimu huu itakuua, mke wangu."

"Ama nipeleke, ama nyamaza," mke akasema sasa, akitunga uzi upya.

Fundi akabadili maneno. "Tangu juzi umetoka kwa dada yako kumtazama mzazi, hujanisimulia. Mtoto kafanana na nani?"

"Baba yake mtupu. Mpaka masikio."

Kisha akasukuma kitambaa kando, akamgeukia. "Kitendawili!"

"Tega!" aliitikia mama mzazi wa huyo mke mshonaji, aliyekuwa dirishani akimenya njegere. Bibi huyo aliishi nao, mzima wa afya, na vitendawili kwake vilishinda chai.

"Sikutegi wewe, mama. Namtega mkweo. Akitegua, sitamwomba tena anipeleke popote. Akishindwa, atanipa mji, na mji huo ndiko tutakakohamia."

Fundi akacheka. Kutoombwa tena! "Tega basi."

"Kashika ukuta, kashika mlango. Ujanani kimya, uzeeni kelele."

Fundi akakuna kidevu. "Mlinzi?"

"Mlinzi gani anashika ukuta?"

"Komeo."

"Siyo."

Akazunguka chumba kwa macho, akarudi mikono mitupu. "Nimeshindwa."

"Bawaba, baba!" mama mkwe akaropoka. "Na wewe fundi mzima, spana mfukoni!"

"Mama! Hajatoa mji!"

"Jibu si limeshatoka?" fundi akadakia upesi. "Mji wa nini tena?"

"Aa, mkwe wangu. Jibu nimelitoa mimi, deni ni lako. Toa mji."

Fundi akashusha pumzi. "Haya, nakupa mji wa ziwani."

"Siutaki. Mbu."

"Nakupa mji mkuu."

"Siutaki. Kelele."

"Ule wa mlimani basi, ambako watu huishi miaka mia."

"Miaka mia ya kusikia 'kwetu'? Siutaki. Nipe mji wenu."

Fundi akaligeukia bomba, akaufungua mpira, akaufunga tena. "Huo haumo mchezoni."

"Mbona unausifia kutwa?" aliuliza mama mkwe. "Mwenye mali haogopi kuionyesha. Mpe mwenzio mji wake, baba."

Mbele ya mama mkwe, mtu hapandishi sauti. "Haya," akasema kwa shingo upande. "Chukua. Nakupa mji wetu."

Sasa, anayepewa mji huutembelea kwa maneno. Ndivyo mchezo ulivyo. Mshonaji akakunja mikono kifuani.

"Nikaenda mji wenu. Nikashuka stendi na kikapu changu. Nikakuta vumbi, mama, la kupanda mihogo."

Mama mkwe akacheka. Fundi naye akatabasamu kidogo.

"Nikauliza walinzi wa maghorofa, maana fundi lifti hana pa kujificha. Wote wanamjua. Wakanielekeza nyuma ya duka la vioo, jengo la kijani. Nikapanda kwa miguu, kwa kuwa lifti ya fundi lifti ni mbovu."

Tabasamu la fundi likaganda.

"Nikabisha hodi. Akafungua mwanamke, mtoto mbavuni. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, natafuta nguo za kushona. Akanikaribisha, akanipa maji, akanipa kiti. Mtoto mzuri, masikio ndiyo hayo niliyokwambia. Na kwenye kamba palianikwa ovaroli ya bluu. Kiraka cha gotini nikakijua kabla sijakigusa. Mtu hasahau mshono wake."

"Mke wangu..."

"Sijamaliza kutembea. Nikamuuliza, 'Dada, jiji lenu likoje?' Akaniambia, 'Mimi wa hapahapa, nimelizoea. Mume wangu ndiye halipendi, yeye si wa hapa. Kwao ni huko unakotoka wewe, na kila siku ananisifia: maji matamu, watu waungwana. Nimemwomba anipeleke mpaka ulimi umeota sugu.' Nikamwambia, 'Na kwa nini hakupeleki, mwenzangu?' Akainama, akaona haya kulisema. 'Ana mama yake kule, anamuuguza mwaka wa tatu sasa, hataki kuona wageni. Ameniapia siku bibi huyo akifa tu, tunahamia.'"

Njegere zikaacha kudondoka kwenye bakuli.

"Baba," mama mkwe akauliza polepole, "huyo mgonjwa mnayemngoja afe, ni mimi?"