Chuma Tumboni mwa Maka

"Hili si jiwe," daktari alisema, akigusa alama nyeupe kwenye picha. "Mawe ya nyongo ni haya matatu. Hiki ni chuma. Mama yako ana risasi tumboni, inchi moja tu kutoka mji wa mimba, na imekaa humo miaka mingi."

Nuh aliisoma ripoti mara mbili. Miaka thelathini na minne ameishi na mama yake huyu, Maka, hapa hapa Garissa, na hajawahi kusikia habari ya risasi.

"Hooyo, mama yangu, nani alikupiga?"

Maka alivuta ushungi wake, akajifunika uso.

"Kesho tukitoa mawe tutaitoa na hii," daktari alisema. "Imeanza kusogea. Tukiiacha itatoboa utumbo, na hapo siwezi kuahidi kitu."

"Mawe toeni," Maka akasema. "Hiyo acheni. Ni yangu."

Daktari alishusha pumzi, akavuta fomu ya kukubali upasuaji. "Jina la mume?"

"Diriye."

"Andika hakuna," Nuh alidakia.

Hasira ilimpanda, kama kila mara akilisikia jina la baba yake. Mwanamume mzima, amwache mkewe na mimba ya miezi saba, atokomee Jeddah, asilete hata salamu! Nuh alikuwa amelifuta hata kwenye vyeti vya watoto wake. Wanaitwa kwa jina la mjomba Gelle. Siku aliyovileta nyumbani vyeti hivyo, Maka alilia mpaka magharibi, na hakusema kwa nini.

"Hooyo, weka kidole. Nakusihi. Utakufa kwa ajili ya kipande cha chuma?" Hakuwa na mzazi mwingine.

Maka aliushika mkono wa mwanawe, akauweka chini ya kitovu chake.

"Ulikuwa humu," alisema. "Ndugu za babako walikuwa wanangoja uzaliwe, ukue, wakupe bunduki ukalipe kisasi. Nikatoroka kutoka Wajir, nikaja kukuzalia huku. Ulipoanza kuuliza, nikasema yuko Jeddah."

Nuh hakuuondoa mkono.

"Tulikuwa kisimani, watu wenye bunduki wakatutokea. Babako alinikumbatia, mgongo wake akawapa wao. Risasi hii ilimpitia yeye kwanza, ikanifikia mimi imechoka."