Makofi Kwenye Mabano

Mzee Mrindoko alikuwa mbunge kwa miaka ishirini. Sasa macho yake hayaoni tena, na kila alasiri binti yake, Nakiete, humsomea hotuba ile ile moja kutoka kwenye kitabu cha kumbukumbu za bunge.

“Tarehe iache,” alisema mzee, kama kawaida yake.

“Mheshimiwa Spika,” Nakiete alisoma, “jimboni kwangu mama akishikwa na uchungu hubebwa kwa machela hadi mjini. Tupeni gari la wagonjwa. Hata bovu, tutalitengeneza wenyewe.” Kisha, kwenye mabano: makofi.

Mzee alitabasamu. Leo Nakiete aliitupia jicho tarehe iliyo juu ya ukurasa. Ilikuwa tarehe aliyozaliwa yeye. Tarehe aliyokufa mama yake, njiani, juu ya machela.

“Baba, ulikuwa unasema haya siku ile ile?”

“Nilipenyezewa mkononi kikaratasi chenye habari za mama yako,” mzee alijibu polepole, “wakiwa bado wananipigia makofi.” Akapapasa ukurasa. “Hebu rudia mwanzo, mwanangu.”

Nakiete alirudia. Alipofika kwenye mabano, hakulisoma neno lile. Mzee aliinua viganja vyake, akavisogeza hadi vikakaribia kugusana, akaviacha hapo.