Joto la Kuingilia Bwawani

Siku hizi bwawa la mtaa linapokea tu watoto ambao joto lao la mwili limefika nyuzi thelathini na tisa. Jana walinirudisha na wangu wawili, eti bado wana nafuu. Nafuu gani, na lami inayeyuka?

Basi leo nikawavalisha masweta, nikawakimbiza kuuzunguka uwanja kama kina mama wenzangu. Getini mlinzi akampima Mwanaidi.

“Bado kidogo, mama. Mzungushe tena.”

“Tena? Kaka, una watoto wewe?”

Akampima mdogo wake, Shaweji, aliyechoka kukimbia nikambeba mgongoni. “Arobaini na moja. Huyu apite.”

Nikapiga kigelegele. “Haya Shaweji, shuka ukaogelee!”

Hakushuka.

“Shaweji, shuka basi, foleni ndefu!”