Wageni Wasiobisha Hodi

Mondo, paka mwitu aliyeokotwa mchanga kwenye kiwanda cha mbao kule Elburgon, alikuwa amelala kizimbani, ufizi umempauka kama unga. Daktari alitaka damu ya kupima, lakini kwa udhaifu ule, dawa ya usingizi ingemmaliza.

"Atatoa akiwa macho," akasema Chemutai, mlezi wake, akapiga magoti kando ya wavu. "Kitendawili, mrembo wangu!"

Tangu utotoni, neno hilo ndilo lililomleta mondo kukunwa mgongo. Leo aliinua sikio moja tu.

"Tega," daktari akamjibia, sindano mkononi.

"Wageni wamejaa nyumbani, na hakuna aliyebisha hodi."

Mondo akajikokota, akaegemea wavu. Mkia ukapenya nje, ukatua kwenye kiganja cha Chemutai, baridi kama umande. Sindano ikaingia. Mondo akafumba macho tu.

"Umeshindwa, daktari? Nipe mji."

"Ngoja kwanza." Akaweka tone la damu chini ya hadubini, akainama kuchungulia. "Mji sikupi, mathe. Njoo uwaone wageni wako."

Bakteria, vidoa vidogo sana, walikuwa wameng'ang'ania chembe za damu.

"Na dawa iko?" Chemutai akauliza.

"Iko. Lakini ni ya kumeza. Mtegee kingine."